Ukuta wenye mabonde na vilima, tuusawazishe kwa kitu gani?

Kiangazi ndicho kipindi cha kutengeneza nyumba. Mvua ikisha kukatika, watu wa Bukavu na wa Lubumbashi hutoa vitanda na viti nje, huzitazama kuta za ndani, na kuona yale ambayo mwaka mzima yalifichwa na kabati na kalenda. Hapa ukuta umetuna, pale umebonyea, karibu na sakafu lipu imebanduka, na juu ya mlango pana ufa mrefu kama njia ya mchwa. Wengi husema, "Tutapaka rangi, yataisha." Hayaishi. Rangi mpya, hasa ile inayong'aa, huonyesha kila bonde na kila kilima kuliko rangi ya zamani iliyochakaa. Kwa hiyo leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema habari za kazi inayoitangulia rangi, yaani kusawazisha ukuta, na vitu vinavyofaa kwa kazi hiyo.

Tuseme baba mmoja wa mtaa wa Kadutu amekusanya fedha mwaka mzima. Binti yake ataolewa mwezi wa nane, na wageni watakuja kukaa katika sebule yake. Anataka kununua mifuko sita ya simenti asubuhi ileile. Lakini bibi yake amekwisha kuzunguka chumba, akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Baba Amani, kabla hujaenda dukani, njoo kwanza usikie."

"Nisikie nini, Mama Amani? Fundi anangoja."

"Upande wa dirisha ukuta wajibu kama jiwe. Upande wa watoto wajibu kama ngoma. Hiyo simenti yako itashikwa na nani?"

Mama huyo ana haki. Ukuta unaolia kama ngoma umeachana na lipu yake: kati ya lipu na matofali mna nafasi tupu. Kila kitu kitakachowekwa juu yake, hata kiwe kizuri namna gani, kitaanguka pamoja nayo. Basi swali la kwanza si "Ninunue nini?" Swali la kwanza ni hili: ukuta wangu umejengwa kwa kitu gani, na kwa sababu gani haukunyoka? Asiyelijibu hilo hutupa fedha zake mara mbili, kwanza dukani, na tena mwaka unaofuata atakapoipata lipu yake sakafuni.

Kuupima ukuta si kazi ngumu. Chukua ubao ulionyoka, wenye urefu wa meta mbili, ukauweke ukutani kwa wima, kwa ulalo, na kwa mshazari. Nafasi zinazoonekana nyuma ya ubao ndizo mabonde, na mahali ubao unapochezea ndipo kilima. Pima kwa rula bonde lina kina gani, uandike kwa chaki palepale ukutani. Timazi itakuambia kama ukuta mzima umelala upande mmoja. Usiku zima taa nyingine zote, ushike taa moja karibu kabisa na ukuta, mwanga upite kwa ubavu: hapo utaona vivuli vya makosa ambayo mchana hayakuonekana. Kisha, mahali pa siri nyuma ya mlango, kwangua kidogo mpaka uone ukuta wenyewe. Mwisho nyunyiza maji. Yakinywewa mara moja, ukuta una kiu na hauna budi kuloweshwa kabla ya kazi; yakitiririka kama juu ya kioo, pana rangi ya mafuta, na lipu haitashika juu yake.

Tazama pia sehemu ya chini, karibu na sakafu. Ukiona unga mweupe wenye ladha ya chumvi, ambao mafundi huuita shura, ujue kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, yanaleta chumvi, na chumvi hiyo inasukuma lipu nje. Hapo usisawazishe kitu kwanza. Chimba mfereji nje ya nyumba, ondoa udongo uliorundikana ukutani, tengeneza paa na njia ya maji ya mvua. Katika Bukavu, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko na udongo wa mlima umeegemea ukuta wa nyuma, jambo hili ni kubwa kuliko simenti yote ya dukani. Chumba chenye unyevu huota ukungu, na ukungu si mzuri kwa vifua vya watoto, hasa wale wenye pumu.

Katika nchi yetu kuta ni za namna nyingi. Ziko nyumba za miti na udongo. Ziko za matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua. Ziko za matofali ya kuchoma. Katika Katanga watu wengi huyafanya kwa udongo wa vichuguu, maana mchwa wamekwisha kuukanda udongo huo vizuri. Huko Goma yako mawe meusi ya volkano, ambayo hayafanani hata mawili. Tena ziko nyumba za miji ambazo Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilizijenga kwa wingi kabla ya uhuru, katika Bukavu, Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo) na kwingineko. Nyingi kati ya hizo zimekwisha kuongezewa vyumba na wenyewe, hata katika nyumba moja utakuta ukuta wa tofali la kuchoma umeungana na ukuta wa tofali la simenti. Basi fundi mwenye akili hatumii dawa moja kwa kuta zote za nyumba moja.

Kanuni ni fupi: kitu cha juu kisiwe kigumu kuliko kitu cha chini. Ukuta wa udongo hupumua. Mvua ikinyesha huvuta unyevu na kutanuka kidogo, jua likiwaka huutoa na kujikunja. Lipu ya udongo au ya chokaa hufuatana nao. Simenti haifuatani. Yenyewe ni ngumu, haijui kujikunja pamoja na udongo, tena hufunga njia ya unyevu. Basi maji yakiisha kuingia, kwa ufa au kwa msingi, hayana pa kutokea. Udongo hulegea nyuma ya simenti pasipo mtu kuona, na siku moja bamba zima hushuka. Kwa nje ukuta ulikuwa mzuri mpaka siku ileile.

Jambo hili halikutokea kwetu tu. Katika Marekani, jimbo la New Mexico, kijijini Ranchos de Taos, liko kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lililojengwa kwa matofali mabichi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Desturi ya waparokia ilikuwa kulikandika upya kwa udongo. Mwaka 1967 walilivika lipu ngumu ya simenti, wakitumaini kupumzika na kazi hiyo. Maji yakapenya, yakafungwa ndani, udongo ukaharibika. Mwaka 1979 wakaibandua simenti, wakarudia udongo, na hata leo waparokia wenyewe hukusanyika kila mwaka kulikandika. Ule ni ukuta wa nje, nasi twasema habari za ndani. Lakini sababu ni moja.

Kwa hiyo mwenye ukuta wa udongo au wa matofali mabichi asione haya kuusawazisha kwa udongo. Twasema hivi kwa sababu tumesikia vijana wengi wakidharau udongo kama kitu cha wazee wa kijijini. Udongo ulioandaliwa vizuri, ukapakwa chokaa juu, hupendeza sana, na mgeni hatajua kilichomo chini. Lakini uandaliwe. Chukua udongo wenye kushikana, uuchekeche, changanya na mchanga sehemu mbili au tatu kwa sehemu moja ya udongo, tia nyasi kavu zilizokatwa vipande vifupi, na wengi huongeza samadi ya ng'ombe. Kisha uloweke siku kadhaa. Usiamini kipimo cha jirani, maana udongo wake si wako. Fanya majaribio matatu ukutani, kila moja lenye upana wa sahani: moja kwa mchanga mmoja, moja kwa mchanga mara mbili, moja kwa mchanga mara tatu. Ngoja yakauke kabisa. Lenye nyufa lina udongo mwingi mno. Linalotoka unga ukilipangusa kwa kiganja lina mchanga mwingi mno. Lililobaki ndilo lako.

Chokaa ni rafiki wa kuta nyingi, nasi twasikitika kuona inasahauliwa. Wanafunzi watapenda kujua jinsi inavyofanya kazi. Jiwe la chokaa, kama lile linalochimbwa tangu zamani huko Kakontwe karibu na Likasi, likichomwa kwa moto mkali wa kadiri ya digrii 900, hutoa hewa iliyofungwa ndani yake na kuwa chokaa kali. Ukiitia maji huchemka na kuwa unga au uji. Uji huo ukiwekwa ukutani huanza kuvuta tena, polepole, hewa ileile kutoka chumbani, mpaka umerudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya chokaa haitaki haraka. Sehemu moja ya chokaa kwa mchanga sehemu tatu, tabaka nyembamba ya kadiri ya sentimeta moja, kisha kungoja kama juma moja kabla ya tabaka nyingine, na kuilinda na jua na upepo isikauke upesi. Yafaa kwa matofali ya kuchoma yaliyo laini, yafaa juu ya udongo ulio imara, tena huruhusu ukuta kupumua. Lakini ni kali kwa macho. Anayeichanganya afunike macho na mikono. Ikimrukia machoni aoshe mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha aende zahanati.

Simenti ina mahali pake, wala hatuikatazi. Kwa matofali ya simenti, kwa mawe ya Goma, kwa matofali ya kuchoma yaliyo magumu, na kwa jikoni na bafuni ambako maji hurukia ukuta, hiyo ndiyo ya kuchagua. Wengine huikosea kwa kuitia nyingi mno, wakidhani wingi ni nguvu. Lipu yenye simenti nyingi hujikunja ikikauka na kupasuka kama sakafu ya ziwa lililokauka. Kwa ndani, kipimo kimoja cha simenti kwa mchanga vipimo sita chatosha; ukiongeza kipimo kimoja cha chokaa katika mchanganyiko huo, hulainika, hushika vizuri, na hupunguza nyufa. Mchanga uwe safi wa mto, usio na udongo: ukamate mkononi ukiwa umelowa, ukiacha matope kiganjani uuoshe. Ukuta laini sana urushiwe kwanza mchanganyiko mwembamba wenye simenti zaidi, ili upate meno ya kushikia. Changanya kiasi utakachokimaliza kwa saa moja, na kilichoanza kuganda usikifufue kwa maji. Kisha, siku tatu mpaka saba, nyunyizia ukuta maji asubuhi na jioni. Kiangazi cha Katanga kina upepo mkavu, na lipu iliyonyimwa maji huwa unga mkononi.

Tuhesabu sasa, maana hapa ndipo fedha za jamaa zinapookolewa. Chumba chenye urefu wa meta 4, upana meta 3, na kimo meta 2 na nusu, kina meta za mraba 35 za kuta. Ukiondoa mlango na dirisha zabaki kama 32. Ukipaka lipu ya sentimeta moja na nusu kwa kipimo cha 1 kwa 6, utahitaji kama kilo 130 za simenti, yaani mifuko mitatu ya kilo 50 pamoja na kidogo kitakachopotea. Lakini kuta zikiwa na mabonde, na fundi akayajaza yote kwa kuinua ukuta mzima hadi sentimeta tatu, simenti itakuwa mara mbili: mifuko sita, na mchanga mara mbili, na uzito mara mbili unaoning'inia ukutani. Baba Amani alikuwa amehesabu namna hiyo. Afadhali kwanza aondoe vilima. Kilima kimoja kilichotokeza sentimeta mbili karibu na dirisha humlazimisha fundi kuleta ukuta wote mbele sentimeta mbili. Patasi na nyundo, nusu siku ya kazi, na mifuko mitatu imebaki dukani. Kisha mashimo makubwa yajazwe peke yake, kwa vipande vya matofali vilivyoloweshwa na kushindiliwa pamoja na mchanganyiko, yakauke, ndipo lipu ya chumba kizima ifuate ikiwa nyembamba na sawa.

Plasta ya jasi, ile nyeupe inayoganda kwa dakika chache, hupendwa na mafundi wa mijini kwa kuwa huacha uso laini kama karatasi. Nayo ni nzuri katika chumba kikavu. Hailipendi maji: ukutani mwa bafuni, au penye shura, hulainika na kubanduka. Wala usiichanganye na simenti kamwe, hata kama mtu akisema huganda upesi zaidi. Vitu hivyo viwili vikikutana katika unyevu hufanya kitu kipya kinachofura, nacho huvunja lipu kutoka ndani.

Masitiki ya wapaka rangi, iwe ya unga wa chaki na gundi au ile iliyo tayari katika ndoo, ni ya kumalizia tu. Ina kazi ya milimeta mbili au tatu: alama za mwiko, vitundu vya misumari, nyufa nyembamba kama unywele. Anayejaza bonde la sentimeta mbili kwa masitiki hununua kitu cha ghali kufanya kazi ya mchanga, tena kitapasuka. Kuhusu mbao za tripleksi zinazopigiliwa juu ya fito ili kuuficha ukuta mbaya, hatusemi mengi. Huweza kufaa penye ukavu. Lakini nafasi iliyo nyuma yake ni nyumba ya mende na panya, na mchwa hawataomba ruhusa.

Kuna jambo moja la hatari ambalo hatuwezi kuliacha. Katika nyumba za zamani, rangi ya mafuta ya milangoni na ukutani huenda ina madini ya risasi. Ubaya wake ulijulikana mapema: mwaka 1921 mkutano wa mataifa juu ya kazi, huko Geneva, ulifanya mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi katika kupaka ndani ya nyumba. Lakini rangi za namna hiyo ziliendelea kutumika mahali pengi miaka mingi baadaye. Vumbi lake hudhuru akili ya watoto wadogo, na mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe kwa moto. Ilowesheni, ikwanguliwe ikiwa mbichi, vipande vikusanywe katika mfuko na kutupwa mbali na bustani na kuku. Wakati wa kazi watoto na mama mjamzito walale kwa jamaa wengine, na fundi avue nguo za kazi kabla ya kumpakata mwanawe.

Sasa turudi kwa Baba Amani. Ukuta wa dirisha, ulio wa tofali la kuchoma gumu, ataupiga lipu ya simenti na chokaa. Ukuta wa watoto, ulioongezwa zamani kwa matofali mabichi, ataubandua mpaka chini, achimbe mfereji nje, kisha ausawazishe kwa udongo na kuupaka chokaa. Mahali kuta mbili zinapokutana fundi ataacha mstari mwembamba pembeni, kwa sababu ufa utatokea hapo kwa vyovyote, na afadhali utokee ulionyooka. Mifuko mitatu ya simenti hakuinunua. Fedha zake zitanunua kitu kingine cha arusi, na Mama Amani amekwisha kujua ni nini.

Akianza mwezi wa sita, atafika. Ukuta uliopakwa chokaa hauna taabu, maana chokaa hukubali ukuta ambao bado ni mbichi. Rangi ya mafuta ndiyo isiyovumilia: lipu mpya ya simenti ina ukali unaoila rangi hiyo, kwa hiyo ingojewe juma nne angalau, na zaidi mahali penye baridi na ukungu wa asubuhi kama milima ya Kivu. Ili kujua kama ukuta umekauka, bandika jioni kipande cha plastiki safi kwa utepe pande zote nne. Asubuhi kikiwa na umande kwa ndani, ngoja tena juma moja. Na siku ya kurudisha kabati, liachwe mbali na ukuta kadiri ya shubiri moja, hewa ipite nyuma yake.